Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha 1987 na mashine iliyo ndani yake

Barua nyingi zinazofika katika safu hii huuliza simu ipi inunuliwe. Mwezi huu, kwa sadfa, wasomaji wanne kutoka pande mbalimbali za Mombasa wameandika kuhusu kitabu kimoja, Operating Systems: Design and Implementation cha Andrew Tanenbaum, ambacho wanaokisoma hukiita tu kitabu cha MINIX, kwa jina la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha mashine, ulioelezwa ndani yake. Nimeziweka barua zao pamoja.

SWALI: Mwalimu, assalaam aleikum. Nasomea sayansi ya kompyuta, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu ametuagiza kusoma kitabu cha Tanenbaum, nami nimekipata kwa muuza vitabu vya mtumba: ni chapa ya kwanza, ya mwaka 1987, jalada limeguguniwa na mende lakini kurasa zote zimo. Wenzangu wananicheka kwa sababu kinazungumzia disketi na mashine ambazo hata Fort Jesus hutazikuta. Je, nikisome, au nimetupa pesa zangu?
Mwanafunzi, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Pesa zako ziko salama. Wenzako wameishia kurasa za mbele. Lau wangefungua nyuma wangekuta kitu ambacho vitabu vingi vya somo hili havina, yaani msimbo (maandishi ya programu yenyewe) wa mfumo endeshi mzima, takriban mistari 12,000, iliyoandikwa zaidi kwa lugha ya programu iitwayo C na kuchapishwa ukurasa baada ya ukurasa huku mistari ikiwa imetiwa nambari kama aya. Sura za mbele ni sherehe ya msimbo huo, yaani maelezo yake, kwa maana ile ya wanazuoni wanaposema kitabu kina matini na sherehe yake.

Uzito wa jambo hilo utauona ukijua lililotangulia. Ken Thompson alianza kuandika Unix mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, akishirikiana na Dennis Ritchie, na katika miaka ya 1970 vyuo vikuu vilikuwa vikiupata mfumo huo pamoja na msimbo wake. John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, aliuchukua msimbo wa toleo la sita akauandikia sherehe mwaka 1976 kwa ajili ya wanafunzi wake. Lilipokuja toleo la saba, mwaka 1979, AT&T iliyokuwa ikimiliki Unix ilitia sharti katika leseni kwamba msimbo huo usifundishwe darasani. Sherehe ya Lions ikawa inapita mkono kwa mkono kwa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi, na haikuchapishwa rasmi hadi mwaka 1996. Wahadhiri wengi walibaki na nadharia tupu, ambayo ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa kumchorea bahari ubaoni.

Tanenbaum, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Vrije Universiteit mjini Amsterdam, aliamua kuandika mfumo wake mwenyewe kuanzia mwanzo. Kwa mtumiaji aliyeketi mbele ya mashine ulifanana na toleo la saba la Unix, lakini ndani haukuwa na mstari hata mmoja wa AT&T, na ulikuwa mfupi kiasi ambacho mwanafunzi mmoja angeweza kuusoma wote kabla ya kuhitimu. Hayo ndiyo makusudio yake yote, na ndiyo maana nakuomba usikipime kitabu hiki kwa upya wa mashine zake.

Kuna sehemu zilizochakaa, sikatai. Pale panapoelezwa namna ya kuiwasha mota ya disketi, kuingoja ifikie kasi yake na kukipeleka kichwa cha kusomea mahali pake, pita kama unayepita sokoni jioni. Usimamizi wa kumbukumbu nao ni mwepesi mno, kwa sababu prosesa ya 8088, chipu iliyokuwa ubongo wa mashine hizo, haikuwa na nyenzo za kugawa kumbukumbu katika vipande viitwavyo kurasa wala za kuizuia programu moja isiingie eneo la nyingine. Mfumo wa faili haukuweza kuzidi megabaiti 64, na jina la faili lilikomea herufi 14. Video moja tu ya bibi harusi akiingia ukumbini ingeujaza pomoni.

Lakini ukifika panapoelezwa michakato, yaani programu zilizo kazini, inayogombea kitu kimoja, punguza mwendo na ushike kalamu. Kitabu kinatoa mfano wa kuchapisha, nami nitauhamishia katika saibakafe yoyote ya hapa mjini. Kuna orodha yenye visanduku vilivyopewa nambari 0, 1, 2 na kuendelea. Kila mchakato unaotaka kuchapisha huandika jina la faili lake katika kisanduku kilicho wazi, na kuna kibao kinachoonyesha nambari ya kisanduku wazi kinachofuata. Sema kibao kinaonyesha 7. Mchakato wa kwanza, wa kijana anayechapisha barua ya kuomba kazi bandarini, unakisoma kibao na kujiwekea moyoni: saba. Papo hapo saa ya mashine inagonga, nayo katika MINIX hugonga mara 60 kila sekunde, na mfumo unaamua kwamba zamu ya mchakato huo imekwisha. Unaingia mchakato wa pili, wa bibi anayechapisha fomu ya mjukuu wake. Nao unasoma 7, unaandika jina la faili katika kisanduku cha 7, unageuza kibao kuwa 8 na kwenda zake. Kisha ule wa kwanza unarudishiwa zamu. Haukitazami kibao tena, kwa kuwa unaikumbuka saba yake. Unaandika jina la faili lake juu ya lile la bibi na kuweka kibao 8.

Tazama sasa kilichotokea. Orodha haina kasoro inayoonekana, printa haina la kulalamikia, na bibi atakaa kwenye benchi mpaka adhana ya magharibi bila fomu yake kutoka. Akiitwa fundi naye ajaribu mwenyewe, itatoka vizuri, kwa sababu safari hiyo saa haikugonga pale pale, na bibi ataambiwa kwamba labda alibonyeza vibaya. Kosa hilo halina umri. Limo katika mashine ya 1987 na limo katika simu iliyo mfukoni mwako, na katika simu ni hatari zaidi, kwa maana ndani ya prosesa yenye viini vinane, yaani sehemu nane zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, michakato miwili haina haja ya kusubiri saa igonge, inakwenda sambamba.

Namna ya kukisoma: chagua kitendo kimoja ukifuate mpaka mwisho wake. Mimi nilichagua programu inapoomba kusoma baiti chache za faili. Ombi hilo linageuzwa kuwa ujumbe na kupelekwa kwa mfumo wa faili, ambao katika MINIX ni programu inayojitegemea nje ya kiini, na hapa kiini ni moyo wa mfumo endeshi, si vile viini vya prosesa. Nao usipokikuta kipande kinachotakiwa katika akiba yake, unaandika ujumbe mwingine kwenda kwa msimamizi wa diski, kisha unalala ukingoja jibu. Ilinichukua majuma mawili na nusu ya daftari. Tangu hapo sijapata tena kuona neno «inapakia» kwenye kioo nikadhani kwamba hakuna kinachofanyika.

Ukibahatika kupata chapa ya pili ya 1997 au ya tatu ya 2006, ambazo Tanenbaum aliziandika pamoja na Albert Woodhull, zichukue. Ya tatu inaeleza MINIX 3, ambamo draiva, yaani programu zinazoviendesha vifaa kama diski na printa, zimetolewa nje ya kiini ili mojawapo ikifa isiuangushe mfumo mzima. Usikichanganye tu na Modern Operating Systems cha mwandishi huyo huyo, kilichotoka mwaka 1992. Hicho ni kipana zaidi, lakini hakina msimbo mzima nyuma yake.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Kijana wangu anasomea kompyuta. Juzi nilichungulia kitabu chake nikaona mchoro wa meza ya duara yenye sahani za tambi na uma. Nilipomuuliza alisema ni wanafalsafa watano wanakula. Karo yake inatoka katika mahamri ninayouza tangu alfajiri, kwa hiyo naomba kuelezwa: mtoto anasoma kompyuta au anasoma upishi?
Mama wa mahamri, Majengo

JIBU: Shikamoo, mama. Anasoma kompyuta, tena amefika mahali pagumu. Kitendawili hicho chatokana na Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, aliyekitunga mwaka 1965. Wanafalsafa watano wameketi, kila mmoja ana sahani yake, na baina ya kila sahani mbili pana uma mmoja tu, ilhali hakuna awezaye kula bila kushika uma mbili. Wote wakinyanyua kwa pamoja ule wa kushoto, kila mmoja ataungoja wa kulia ulio mkononi mwa jirani, na watakufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Kwa nini tambi zihitaji uma mbili sijaelewa hadi leo. Wangekaa chini wakala pilau kwa mkono katika sinia moja, swali lisingekuwapo.

Mwambie akupeleke katika kichochoro kimojawapo cha Mji wa Kale, asubuhi ambapo mizigo ya Marikiti inatoka. Utaona mkokoteni wa magunia ya vitunguu ukiingia upande huu na mwingine wa mitungi ya maji ukiingia upande ule. Kichochoro kinapitisha mmoja. Wanakutana katikati, na kila hamali amekwisha kushika nusu ya njia huku akiitaka nusu iliyoshikwa na mwenzake. Hapo yametimia mambo manne ambayo Edward Coffman na wenzake wawili waliyaeleza mwaka 1971: njia haishirikiwi na wawili, kila mmoja anashikilia alicho nacho huku akingoja kingine, hakuna anayeweza kunyang'anywa alichoshika, na wanangojana kwa duara. Yakiwapo yote manne, mkwamo unaweza kutokea. Likiondolewa moja tu, hauwezekani. Yule mzee wa barazani anayesema «wewe mwenye maji, rudi nyuma» ameliondoa la tatu, ingawa hajasoma kitabu chochote cha kompyuta. Wanafalsafa nao wangeokoka kama uma zingepewa nambari na kila mmoja akalazimika kuanza na wenye nambari ndogo, kwa kuwa wa tano, aliye kati ya uma wa 5 na wa 1, angeanza na ule wa 1 kinyume cha wenzake wote, na duara ingekatika hapo.

Litakalokuchekesha ni hili. Baada ya kueleza hila zote hizo kitabu kinataja na njia ya mbuni, ndege anayesemwa kwamba akiona hatari huficha kichwa mchangani. Yaani kujifanya kwamba tatizo halipo. Kisha kinakiri waziwazi kwamba Unix na MINIX zinaifuata njia hiyo, kwa hoja kwamba mkwamo hutokea kwa nadra na kuuzuia kila mara kungemgharimu mtumiaji zaidi kuliko kuuvumilia. Nimekipendea ukweli huo kitabu hiki. Vitabu vingi vya shule havithubutu kusema kwamba mafundi huacha mambo kwa makusudi.

SWALI: Kaka mhariri, mimi ni fundi simu hapa Mwembe Tayari. Mteja amenibishia kwamba Android imenakiliwa kutoka katika kitabu cha shule, ndicho hicho cha MINIX. Nikasema ni uongo, tukawekeana dau la kreti ya soda. Nani anunue?
Fundi, Mwembe Tayari

JIBU: Gawaneni gharama, ndugu yangu. Kiini cha Android ni Linux, na Linux iliandikwa na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Alikisoma kitabu cha Tanenbaum mwaka 1990, akanunua kompyuta yenye prosesa ya 386 Januari 1991, akaiwekea MINIX. Tarehe 25 Agosti mwaka huo aliwatangazia watumiaji wenzake wa MINIX kwamba anaunda mfumo wake kwa kujifurahisha, akasisitiza kwamba hauna msimbo wa MINIX ndani yake. Hapo dai la mteja wako linaanguka.

Lakini usishangilie bado. Mfumo huo ulijengewa juu ya mashine iliyokuwa ikiendeshwa na MINIX, na mpangilio wa faili ulioutumia mwanzoni ulikuwa ule ule wa MINIX, ule wa megabaiti 64 na herufi 14 niliomtajia mwanafunzi wa Kisauni. Haukunakiliwa, ulilelewa.

Tanenbaum mwenyewe hakufurahi. Januari 1992 aliandika kwamba Linux imepitwa na wakati tangu kuzaliwa, kwa kuwa kiini chake ni donge moja lenye kila kitu, mfumo wa faili na draiva humo humo, ilhali yeye aliamini katika kiini kidogo kilichozungukwa na programu zinazotumiana ujumbe. Torvalds alimjibu kwa ukali wa ujana. Kwa rai yangu mwalimu alikuwa na haki katika ramani ya nyumba, na mwanafunzi alikuwa na haki katika kujua watu wanataka kuhamia lini. MINIX iliuzwa na mchapishaji wa kitabu, na Tanenbaum alikataa nyongeza nyingi alizoombwa, akihofia kwamba msimbo utawashinda wanafunzi kuusoma. Leseni huria ilikuja Aprili 2000, wakati Linux ilikwisha kukimbia mbali.

Na kama mteja wako bado ana kiburi, muulize kama anajua kwamba Intel ilitia MINIX 3 ndani ya chipu ndogo ya usimamizi inayoambatana na prosesa zake za miaka ya karibuni. Habari hiyo ilipoenea mwaka 2017, Tanenbaum aliiandikia kampuni barua ya wazi akisema kwamba leseni haikuwalazimu kumwambia, ila ungekuwa uungwana kumjulisha.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha kompyuta katika shule ya upili upande wa Likoni. Nikieleza mambo haya kwa Kiswahili wanafunzi wanayashika upesi, lakini istilahi zinanikwaza. Mchakato na mkwamo nimezizoea. Semafo je, nayo nifanyeje?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Mimi huliacha neno lenyewe, semafo, kwa sababu asili yake ni ule mkono wa ishara wa reli unaoinuka na kushuka kumjulisha dereva wa treni kama njia ya mbele i wazi, na sisi ni watu wa mji ambao reli ya Uganda ilianzia mwaka 1896, mtoto wa Mombasa haoni ugumu wa kulipokea. Yanayohitaji Kiswahili ni majina ya vitendo vyake viwili. Dijkstra aliviita P na V, na V yatokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya kuongeza. Dunia nzima imekuwa ikikariri herufi za Kiholanzi bila kulalamika. Tanenbaum, aliyekuwa akiishi huko huko Uholanzi, aliona heri kutumia maneno ya Kiingereza ya kwenda chini na kwenda juu. Basi nasi tuseme shusha na pandisha.

Semafo ni hesabu tu, inayolinda kitu kinachogombewa na michakato. Anayeshusha huikuta ama kubwa kuliko sifuri, akapunguza moja na kupita, ama sifuri, akalazwa hapo hapo. Anayepandisha huongeza moja, na kama pana aliyelala, mmoja huamshwa. Muhimu ni kwamba kutazama hesabu na kuibadilisha ni tendo moja lisilokatizwa, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, wakidhani kwamba semafo ni kibao kingine tu kama kile cha printa. Kama ingekuwa hivyo, saa ingegonga kati ya kutazama na kubadilisha, na tungerudi kule kule.

Jaribu darasani mfano wa saibakafe niliouandika hapo juu. Chora visanduku ubaoni, andika 7 kwenye kibao, uwape wanafunzi wawili chaki, na kila mmoja apewe hatua zake kwenye karatasi: soma kibao, kumbuka nambari, andika jina, badilisha kibao. Kazi ya saa mpe yule mtundu kuliko wote, apige kofi wakati wowote apendao, na kofi likilia aliye ubaoni asimame hata kama chaki iko hewani, mwenzake aingie. Fanyeni mara kumi bila semafo na mhesabu majina yaliyopotea. Kisha weka kiti kimoja mbele ya ubao kiwe semafo yenye hesabu ya 1: anayetaka kukigusa kibao achukue kiti kwanza, na asikiachie mpaka amalize hatua zote nne, makofi yakipigwa yasipigwe.